Mwendo wa Kuazima

Methali za Kiswahili zimeuzungumza sana mwendo, na hazikubaliani. Upande mmoja twaambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mwenda pole hajikwai. Upande wa pili twaonywa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba anayechelewa atamkuta mwana si wake. Wako walioona kutokubaliana huku kuwa ni kasoro. Sisi hatuoni hivyo. Wahenga hawakutunga sheria moja ya mwendo kwa mambo yote. Waliacha methali mbili mbili ili msikilizaji alazimike kutumia akili yake na kuchagua ile inayolingana na jambo lililo mbele yake. Hata hivyo, methali hizo zote zinashirikiana katika jambo moja: zinamfikiria mtu ambaye mwendo wake ni wake mwenyewe. Anayekwenda haraka anatumia miguu yake, na akitaka kupunguza mwendo hana la kufanya ila kuilegeza.

Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mwendo wa namna nyingine, yaani mwendo wa mtu aliyepanda baiskeli akiteremka mlima mkali, miguu yake imetulia juu ya pedali, upepo unavuma masikioni, na chombo kinazidi kushika kasi bila ya yeye kutoa jasho. Swali letu ni la kimaadili. Je, mtu anayeiachia baiskeli mpaka ikafikia mwendo wa kutisha ni shujaa, ni mpumbavu, au ni mtu asiyekuwa na hiari? Na mwendo ule anaojivunia afikapo chini ni wa nani hasa?

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kuingizwa katika mazungumzo ya utamaduni wa taifa. Lakini utamaduni hauishii katika ngoma, mavazi na mashairi. Utamaduni ni pamoja na namna watu wanavyovitumia vyombo vyao vya kila siku, wanavyowafundisha watoto wao kuvitumia, na wanavyowahukumu wale wanaovitumia vibaya. Katika Afrika Mashariki baiskeli imebeba maji, mkaa, maziwa, wagonjwa na maharusi. Hata neno bodaboda, ambalo siku hizi humaanisha pikipiki, lilianza kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda. Chombo kilichoingia hivyo katika maisha ya watu hakikosi kuwa na maadili yake.

Yafaa kwanza tuitazame kwa ufupi historia ya chombo chenyewe, maana ndani yake mna fundisho. Mwaka 1817 Karl von Drais, Mjerumani wa nchi ya Baden, alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mpandaji alikisukuma kwa kupiga hatua ardhini. Hakikuwa na pedali. Baadaye, katika miaka ya 1870, zilienea baiskeli zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye lile gurudumu kubwa. Gurudumu lilipozunguka, pedali nazo zilizunguka, mpandaji apende asipende. Mteremkoni miguu ya mtu haikuweza kwenda sambamba na mlima. Kwa hiyo wapandaji waliiondoa kwenye pedali na kuipitisha juu ya usukani, wakakaa namna hiyo ili, chombo kikipinduka, watangulize miguu badala ya kichwa. Siku hizo mlima ulikuwa ukimwambia mtu waziwazi kwamba mwendo ule haukuwa wake.

Mwishoni mwa karne ya 19 kilienea kifaa kidogo kinachokaa katika gurudumu la nyuma, ambacho huliruhusu gurudumu kuzunguka huku pedali zimetulia. Ndicho kinachotoa mlio wa tiki-tiki-tiki tunaousikia baiskeli inapotupita mteremkoni. Kifaa hicho kilikuwa faraja kubwa kwa miguu ya wanadamu. Lakini pamoja na faraja hiyo kiliondoa onyo la zamani. Tangu hapo mtu aliweza kwenda kwa mwendo ambao mwili wake haukuufanyia kazi yoyote, na kwa hiyo mwili haukuwa na habari nao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika ardhi tambarare uchovu ndio breki ya kwanza ya mwanadamu. Kabla mwendesha baiskeli hajafikia mwendo wa kumvunja shingo, mapaja yatamuuma, pumzi itamwishia, na mwili wenyewe utamwambia basi. Kila kitu kina kadiri yake, na kadiri ya mwendo wa kazi imo mwilini. Mteremkoni mambo ni kinyume. Kadiri mwendo unavyozidi, ndivyo mwili unavyopumzika. Hakuna kiungo kinachosema imetosha. Mtu analazimika kuitafuta kadiri katika akili yake peke yake, tena kwa haraka, na wakati huohuo furaha inamwambia aendelee.

Wala macho hayamsaidii sana. Tufanye hesabu ndogo. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa kila sekunde. Mtu anayegonga ukuta kwa mwendo huo hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 5 hivi, yaani kutoka paa la nyumba. Mwendo ukiwa maradufu, ukafika kilomita 72 kwa saa, mtu angedhani kwamba na hatari imekuwa maradufu. La hasha. Imekuwa mara nne: sasa ni kuanguka kutoka mita 20, kilele cha mnazi mrefu. Umbali wa kusimama nao hufuata hesabu hiyohiyo. Breki nzuri zinazomsimamisha mtu katika mita 10 akiwa katika mwendo ule wa kwanza zitahitaji mita 40 akiwa katika mwendo wa pili, mbali na mita nyingine 20 anazozimaliza katika sekunde moja ya kushtuka, kabla vidole havijabana. Na bado aliye juu ya baiskeli anajihisi amekaa tu. Hakuna mtu anayekwea mnazi bila kujua kwamba yuko juu ya mnazi. Lakini mteremkoni wako wengi waliofika kileleni mwa mnazi bila kujua.

Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuuita mwendo huu mwendo wa kuazima. Mlima humkopesha mtu kasi bila kumuuliza kama ana uwezo wa kulipa. Wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na hatujui mahali ambapo methali hiyo inatimia upesi kuliko mteremkoni, ambapo harusi na matanga vyaweza kutenganishwa na kona moja tu. Vilevile walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mtu aliyepanda mlima kwa jasho huona kwamba kazi imekwisha afikapo kileleni. Kumbe kazi ya miguu ndiyo iliyokwisha. Kazi ya akili ndiyo kwanza inaanza.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kulaumu. Raha ya mteremko ni raha ya kweli, na jamii isiyoijua raha hiyo imepungukiwa na kitu. Mtoto anayeshuka kilima kwa baiskeli ya kuazima, miguu ameitanua na kinywa kimejaa kelele, hafanyi uovu wowote. Anajifunza kwamba dunia ina nguvu kubwa kuliko yeye na kwamba kwa dakika chache nguvu hizo zaweza kuwa rafiki zake. Wazee wanaosema kwamba vijana wa leo wanapenda hatari wamesahau kwamba wao wenyewe walikwea miembe na kuruka mito iliyofurika. Mtu asiyewahi kuonja woga hawezi kuujua ushujaa, na taifa la watu wasiothubutu halijengi kitu. Kwa hiyo hatusemi kwamba kasi ni dhambi. Tunauliza tu ni kitu gani katika kasi hiyo kinachostahili kusifiwa.

Kuna watu ambao wameifuata kasi hii mpaka ukingoni mwake. Mfaransa mmoja, Éric Barone, mwezi Machi 2017 aliteremka juu ya theluji huko Vars, katika milima ya Alps, akafikia mwendo wa kilomita 227 na ushei kwa saa juu ya baiskeli. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 2002, alikuwa ameteremka kwenye majivu na changarawe za volkano ya Cerro Negro nchini Nicaragua. Alifikia kilomita 172 kwa saa, baiskeli ikavunjika chini yake, akaumia vibaya. Tunamtaja si kwa sababu ya ukubwa wa tarakimu, bali kwa sababu mfano wake unatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Jiwe likisukumwa kutoka kilele kile nalo litakwenda kasi, na hakuna anayelipigia makofi. Kwa hiyo kinachosifiwa kwa mtu hakiwezi kuwa kasi yenyewe, maana hiyo ni mali ya mlima. Kinachosifiwa ni matayarisho: baiskeli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, vazi na kofia vya kuukata upepo, njia iliyokaguliwa na kufungwa ili mtu mwingine asipite, na sehemu ndefu ya kusimamia huko chini. Ondoa hayo, na kitakachobaki ni mtu anayeanguka.

Basi hapa twaweza kutoa maana ya ushujaa wa mteremkoni. Shujaa si yule aliyekopa kasi kubwa, bali ni yule anayeweza kuirudisha kasi aliyoikopa. Sehemu ya mwendo anayoweza kuizuia kabla ya kona ndiyo mali yake. Sehemu inayozidi hapo si mwendo wake, hata kama yeye ndiye aliyeketi juu ya tandiko.

Wazo hili si geni kwetu. Mabaharia wa mwambao walikuwa wakisafiri kwa mwendo wa kuazima karne nyingi kabla ya baiskeli kubuniwa. Pepo za kaskazi na kusi ziliwakopesha mwendo ambao makasia yasingeweza kuutoa. Lakini nahodha hakusifiwa kwa ukali wa upepo. Kijana aliyeingizwa chomboni alijifunza kutua tanga kama alivyojifunza kulitweka, na nahodha aliyechelewa kutua tanga dhoruba ilipokaribia hakuitwa jasiri. Aliitwa mzembe, maana roho za mabaharia na mali za watu zilikuwa mikononi mwake. Breki ya baiskeli ni ndugu wa kamba ile ya kutulia tanga. Cha kusikitisha ni kwamba vijana wetu wengi hufundishwa kupiga pedali kwanza, na breki huzijua siku ya kuanguka.

Kuna hoja moja inayotolewa dhidi ya maneno haya, nayo hatuna budi kuijibu. Husemwa kwamba uhai wangu ni wangu. Nikiamua kuuchezea mteremkoni, nani mwingine ananihusu? Hoja hii ina uzito pale ambapo mlima umefungwa na mtu yuko peke yake na theluji. Lakini barabara zetu si za mtu mmoja. Nyuma ya kona kuna mama aliyebeba kuni, kuna mbuzi, kuna watoto wa shule wanaorudi nyumbani wakiwa wametanda barabara nzima. Hao hawakukopa kasi yoyote kwa mlima, na si haki walipe deni la mwingine. Tena hata aliyeanguka peke yake haanguki peke yake. Kuna atakayemwokota, atakayemuuguza, atakayelima shamba lake, na atakayewalisha watoto wake. Katika jamii yetu msiba wa mtu mmoja haujapata kuwa wa mtu mmoja. Ndiyo maana matanga hukaliwa na watu wengi. Mwenye kusema uhai wangu ni wangu huwa amehesabu nani anayeufurahia mwendo, akasahau kuhesabu nani atakayechimba kaburi.

Katika mashindano jambo hili huonekana kwa namna nyingine. Tarehe 18 Julai 1995 Mwitalia Fabio Casartelli, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1992, alianguka katika mteremko wa Portet d'Aspet wakati wa mashindano ya kuizunguka Ufaransa, akafa. Hakuwa amevaa kofia ngumu, maana wakati huo haikuwa lazima. Ililazimishwa na chama cha kimataifa cha mchezo huo mwaka 2003, baada ya kifo cha mwendeshaji mwingine. Mwezi Juni 2023 Mswisi Gino Mäder alianguka akiteremka njia ya mlimani ya Albula nchini mwake, akafa siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 26. Hawa hawakuwa watu wasiojua kazi yao. Walikuwa miongoni mwa mabingwa, na mteremko haukuwasamehe.

Mwaka 2021 chama hicho kilipiga marufuku mtindo wa kushuka mwendeshaji akiwa ameketi juu ya bomba la fremu, mbele ya tandiko, huku amejikunja ili aukate upepo. Waendeshaji wengi walilalamika kwamba wao ni watu wazima na wanayajua mambo yao. Lakini fikiria hali ya mashindano. Mmoja akiukubali mtindo wa hatari na kupata sekunde chache, wenzake wote wanalazimika kuukubali au kushindwa. Hapo kila mtu huonekana kama amechagua kwa hiari, kumbe hiari imekwisha kuondolewa na yule wa kwanza. Kwa hiyo sheria ya pamoja haiondoi uhuru nyakati zote, pengine huurudisha. Humpa mwoga na mwenye busara nafasi ya kushindana bila kulazimika kuwa wazimu. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 wakipanda na kushuka vilima vya Rwanda. Vijana wengi wa sehemu zetu waliona kwa macho yao jinsi vilima walivyovizoea vinavyoweza kushukwa. Ni vyema pia waelezwe kwamba siku hiyo njia ilifungwa, kona zililindwa, na madaktari walifuata nyuma.

Mpaka hapa tumemfikiria mtu mwenye breki nzuri na mwenye hiari ya kuzitumia au kutozitumia. Sasa yatupasa kumtazama mtu wa aina nyingine, ambaye kwa maoni yetu ndiye anayelifanya swali hili kuwa gumu. Njia kuu itokayo Bujumbura kwenda bara ya Burundi hupanda kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, ulio kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, mpaka Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Ni umbali wa kilomita 30 na ushei, na kona zake ni nyingi. Kwa miaka mingi vijana wa nchi hiyo wameshuka njia hiyo kwa baiskeli, wamefunga mikungu ya ndizi pande zote mpaka baiskeli yenyewe haionekani, wakiharakia soko la mjini. Wakisha kuuza, hurudi mlimani kwa kushikilia nyuma ya malori yanayopanda. Mtu anayeketi ndani ya gari na kupitwa na vijana hao hutikisa kichwa na kusema kwamba hawaujali uhai wao.

Tuihakiki hukumu hiyo. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 20, na mzigo wa kilo 90. Kilo hizo 180 zikishushwa mita 1,000, nguvu itokayo, kama yote ingegeuzwa kuwa joto, ingetosha kuchemsha kama lita 5 za maji, chai ya watu ishirini. Nguvu hiyo haina pa kwenda ila mahali pawili: sehemu huchukuliwa na upepo, na sehemu kubwa ya iliyobaki huangukia breki. Anayeshuka kwa kasi hutoa zaidi kwa upepo. Anayeshuka polepole huupa upepo kidogo, na breki hubeba karibu yote. Sasa, kama breki zenyewe ni vipande viwili vya mpira vilivyolika na rimu imepinda, mtu huyo hawezi kuzibana muda wote wa safari. Zitapata moto, zitalika, na zitamwacha mkono mtupu pale anapozihitaji zaidi. Analazimika kuziweka akiba kwa ajili ya kona, na pengine penye unyoofu aiachie baiskeli iende. Kwa hiyo yule tunayemwona anakimbia kwa ujeuri, huenda anakimbia kwa sababu hana uwezo wa kwenda polepole.

Msomaji atasema kwamba angeweza kushuka chini akaikokota. Angeweza, kwa kuizuia kilo 110 kwa mikono kilomita thelathini, na kufika sokoni baada ya wanunuzi kuondoka. Atasema pia kwamba angepunguza mzigo. Angeweza, kama bei ya mkungu ingemruhusu. Ndipo tunapoirudia ile methali ya mwenda pole hajikwai na kuiona kwa macho mapya. Wahenga walimsemea mtu wa miguu, ambaye upole wa mwendo haukumgharimu kitu. Mteremkoni upole una bei. Hununuliwa kwa breki nzima, kwa tairi lisilo na viraka, kwa mzigo wa kadiri na kwa muda wa kutosha. Wenye vitu hivyo wana uhuru wa kwenda polepole. Wasiokuwa navyo hubaki na kasi, kisha wakaitwa wapenda kasi.

Kwa hiyo lawama ya mteremkoni haiwezi kugawiwa sawa kwa wote. Mwenye breki akakataa kuzitumia kwa ajili ya sifa, huyo ana la kujibu mbele ya jamii. Asiyekuwa na breki kwa sababu ya umaskini hana la kujibu peke yake. Sisi tunaonunua ndizi asubuhi, tukapunguza bei mpaka tukaridhika, tumo katika mteremko ule pamoja naye, ijapokuwa upepo wake hatuusikii. Tukimpigia kelele kutoka dirishani, tunamlaumu kwa kasi ambayo kwa sehemu tumeiagiza wenyewe.

Wala dawa si kumkataza. Kukataza ni rahisi kwa sababu hakumgharimu anayekataza. Mwenye njaa aliyekatazwa barabara kuu atashuka kwa njia ya uchochoroni, usiku, bila taa. Watu wenyewe wameonyesha njia iliyo bora. Huko Goma, mashariki ya Kongo, mafundi huchonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na mkaa. Wale mafundi, kwa panga na nyundo, wasiokuwa na kiwanda wala chuo, hawakusahau breki: kipande cha mpira wa tairi hufungwa juu ya gurudumu la nyuma, na mwendeshaji hukikanyaga ashukapo. Wametambua kwamba chombo kisichoweza kuzuiwa si chombo. Ni mzigo unaoanguka na mtu juu yake. Mafundi wa mbao wakiweza kulizingatia hilo, jamii nzima yenye shule, halmashauri na vyama vya ushirika haina udhuru. Breki za bei nafuu, mahali pa kupumzikia na kupoza rimu kando ya miteremko mirefu, njia ya pembeni kwa baiskeli, na bei ya haki kwa anayeleta chakula mjini: hayo ni mambo ya maadili sawasawa na mahubiri yoyote tutakayomhubiria kijana juu ya haraka na baraka.

Na kijana mwenyewe afundishwe nini? Afundishwe kama mabaharia walivyofundishwa, kutua tanga pamoja na kulitweka. Apewe kilima kidogo kwanza, ajifunze kusimama mahali alipokusudia, na asifiwe kwa kusimama huko zaidi ya anavyosifiwa kwa kukimbia. Aelezwe hesabu ya mnazi, ili ajue yuko juu kiasi gani hata anapojihisi ameketi. Kisha aachwe aifurahie kasi yake, maana itakuwa imekuwa yake kweli.

Wengi wetu hatutashuka Bugarama, wala hatutafika Vars. Lakini miteremko si ya milima peke yake. Mtu hupewa cheo, hupewa fedha, hupewa sifa za watu, na vyote hivyo humsukuma mbele bila kumtoa jasho, huku mwili wake ukipumzika na hakuna kiungo kinachomwambia imetosha. Naye hudhani kwamba mwendo ule ni wake. Yafaa ajiulize mapema, njia ingali nyoofu, kama mkono wake bado uko kwenye breki, na ni nani anayevuka barabara nyuma ya kona.